Makosa ya kibinadamu kazini: kwa nini "kuwa makini" haitoshi

Msimu wa mahindi ukifika, mashine ya kupukuchua huzungushwa kutoka kaya moja hadi nyingine. Kazi huanza alfajiri na mara nyingi huishia gizani. Saa kumi na moja jioni, kijana anayelisha mashine anaona magunzi yameziba mdomoni. Injini inaendelea kuunguruma. Tangu asubuhi ameshayavuta kwa mkono mara kadhaa na hakuna kilichotokea. Anapeleka mkono tena.

Msikilizaji anayeishi kwenye kata inayolima mahindi huenda anamfahamu mtu aliyepoteza vidole, au mkono mzima, kwa namna hii. Ukiuliza ilikuwaje, utajibiwa kwamba ulikuwa uzembe, au bahati mbaya, au kwamba ajali haina kinga. Ni majibu mafupi, na yakishatolewa mazungumzo huisha. Msimu unaofuata mashine ileile inarudi na mdomo uleule, na anayeilisha ni kijana mwingine.

Shirika la Kazi Duniani (ILO) linakadiria kwamba karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu ya kazi. Wengi wao huuawa na magonjwa yanayotokana na kazi, na takriban 330,000 hufa kwa ajali. Kilimo, ujenzi na uchimbaji madini ni miongoni mwa kazi hatari zaidi, na ndizo kazi za vijijini.

Yaliyokuwepo kabla ya mkono kwenda

Turudi kwa yule kijana. Mdomo wa mashine ni mfupi, kiasi kwamba mkono wa mtu mzima unafika kwenye pipa lenye meno bila shida. Injini ni ya dizeli, huwashwa kwa hendeli, na kuiwasha kunachosha, kwa hiyo hakuna anayeizima kwa sababu ya magunzi mawili. Malipo ni kwa gunia. Mahindi hayajakauka vizuri kwa kuwa mnunuzi yuko njiani, na mahindi mabichi ndiyo yanayoziba. Kijana amekula mara moja tu tangu asubuhi. Na aliyemfundisha kazi alikuwa akitoa magunzi kwa mkono vilevile.

Hayo ni mambo sita, na hata moja halikuanza saa kumi na moja jioni. Mkono ulikuja mwisho. Ukimfukuza huyu kijana na kuajiri mwingine, mambo yote sita yanabaki palepale.

James Reason, mwanasaikolojia wa Uingereza aliyechapisha kitabu kiitwacho Human Error mwaka 1990, alitenganisha vitu viwili hivi. Kuna kosa la mtu aliye mbele ya mashine, ambalo kila mtu huliona. Kuna pia kasoro zilizolala ndani ya kazi yenyewe kwa miezi au miaka: mashine ilivyotengenezwa, malipo yalivyopangwa, muda uliowekwa. Kasoro hizi hazimdhuru mtu kwa siku nyingi. Siku kosa dogo linapokutana nazo, mtu anaumia.

Makosa hayafanani

Neno "kosa" linabeba mambo mengi, na kila aina ina dawa yake. Anayetibu yote kwa kukemea atapoteza muda.

Kuna kuteleza. Unakusudia jambo sahihi, mkono unafanya jingine. Msagaji anataka kuzima kinu cha kusaga, anagusa swichi ya kukoboa kwa sababu zimekaa pamoja na zinafanana. Kosa hili humpata mzoefu pengine kuliko mgeni. Mgeni huangalia kila anachogusa, lakini mzoefu mikono yake inafanya kazi huku akili ikiwa kwenye ada za shule. Kumpa semina mtu mwenye miaka 20 kazini hakuondoi kuteleza.

Kuna kusahau. Fundi wa pikipiki ameingiza gurudumu, amekaza nati kwa vidole tu, mteja mwingine akamwita. Anaporudi anaona gurudumu limekaa mahali pake, anamkabidhi mwenyewe. Kusahau hupenda kuja pale mtu anapokatizwa, na hupenda hatua ya mwisho, lengo kubwa likiwa limeshatimia. Ndiyo maana mtu huchukua pesa kwa wakala wa simu na kuacha kitambulisho mezani.

Kuna kuamua vibaya kwa kukosa taarifa, na hapa mfano wa kisima unatosha. Mtu anashusha pampu ya petroli ndani ya kisima ili kutoa maji haraka. Baadaye anashuka kuitazama, analegea, anaanguka. Ndugu yake anaona ameanguka, anashuka kumwokoa, naye anaanguka. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na kisimani haina pa kutokea. Wote wawili waliamua kwa kadiri ya walichokiona. Aliyeshuka wa pili alikuwa na moyo mwema na ujasiri, na havikumsaidia. Injini ya mafuta haiingizwi kisimani wala shimoni. Mtu akianguka humo, asishuke mwingine kumfuata. Avutwe kwa kamba kama alikuwa amefungwa, ama waitwe waokoaji wenye vifaa vya kupumulia.

Halafu kuna kukiuka utaratibu kwa makusudi. Mtu anajua kinga ya mkanda haifai kuondolewa, lakini anaiondoa. Kabla ya kumwita mkaidi, uliza inachukua dakika ngapi kuifungua anapotaka kupaka grisi. Ikiwa ina boliti nane na spana iko kwa jirani, haitarudi mahali pake. Uliza pia kama mwenye mashine mwenyewe huwa anawasifu wanaomaliza haraka.

Ndege moja, mafunzo mawili

Habari ifuatayo inatoka mbali na mashine za mahindi, lakini inaonyesha vizuri jinsi kosa la mtu linavyoweza kutibiwa.

Tarehe 30 Oktoba 1935, kampuni ya Boeing ilikuwa na ndege mpya ya kijeshi kwenye majaribio katika uwanja wa Wright Field, jimbo la Ohio, Marekani. Ndege ilipaa, ikainua pua kupita kiasi, ikaanguka. Watu wawili walikufa, akiwamo rubani mkuu wa majaribio, Ployer Hill, aliyekuwa na uzoefu mkubwa. Uchunguzi ulikuta kwamba kifungo kinachoshikilia vibao vya mkiani, ili visipigwe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa, hakikufunguliwa kabla ya kupaa. Ilikuwa hatua moja tu, na mtu aliyeijua kazi yake aliisahau.

Marubani wa jeshi hawakuagizwa tu kuwa waangalifu zaidi. Iliandikwa orodha fupi ya mambo ya kukagua kabla ya kuwasha injini, kabla ya kupaa na kabla ya kutua. Kwa orodha hiyo ndege iliruka salama, na baadaye ikajulikana duniani kama B-17.

Miaka minane hivi baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege hiyohiyo ilileta tatizo jingine. Marubani walikuwa wakitua vizuri, halafu wakiwa tayari ardhini wanagusa swichi na magurudumu yanajikunja, ndege inalala tumbo. Waliambiwa ni makosa ya marubani. Mwanasaikolojia wa jeshi, Alphonse Chapanis, akaingia ndani ya chumba cha rubani kuangalia. Aliona kwamba swichi ya magurudumu na swichi ya vibao vya mabawa zilikaa jirani na zilifanana. Rubani aliyechoka, usiku, alikuwa akishika moja akidhani ni nyingine. Chapanis alibandika kipande cha mpira chenye umbo la gurudumu kwenye ile ya magurudumu, na chenye umbo la pembetatu kwenye ile ya mabawa. Mkono ukatambua bila macho kuangalia, na tatizo likaisha. Hadi leo mpini wa magurudumu kwenye ndege nyingi una umbo la gurudumu.

Angalia kwamba dawa zilikuwa mbili kwa sababu makosa yalikuwa mawili. Anayesahau alipewa orodha, na anayeteleza alibadilishiwa swichi. Orodha isingemsaidia huyu wa pili.

Ifakara ilikuwa miongoni mwao

Orodha ya marubani iliingia hospitalini, na Tanzania ilishiriki. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitengeneza orodha ya vipengele 19 vya kukagua wakati wa upasuaji: kuhakikisha jina la mgonjwa na mahali pa kupasua, kila mtu chumbani kutaja jina na kazi yake, kuhesabu vifaa kabla ya mgonjwa kutolewa, na mengineyo. Kati ya mwaka 2007 na 2008 orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani. Miji ilikuwa pamoja na London, Toronto, Manila na New Delhi, na mmoja ulikuwa Ifakara, mkoani Morogoro.

Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Ukijumlisha hospitali zote nane, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Wapasuaji hawa walikuwa wameijua kazi yao kwa miaka mingi, na karatasi moja haikuwafundisha upasuaji.

Orodha ina udhaifu wake, na yafaa kuusema. Ikiwa ndefu haitasomwa. Ikijazwa jioni kwa ajili ya siku nzima, ni karatasi tu. Kwa dereva wa trekta au fundi wa mashine, mambo matano au sita yanayosomwa kwa sauti kabla ya kuwasha yanatosha.

Tukirudi kwenye mashine

Wahenga waliposema ajali haina kinga, huenda hawakukusudia mashine, lakini kwa mashine zetu maneno hayo ni kweli kabisa: mkanda hauna kinga, shafti haina kinga, mdomo hauna kinga. Hizo zinaweza kuwekwa, na fundi wa kuchomelea wa sokoni anaweza kazi hiyo.

Swali la kwanza liwe hili: je, mkono unaweza kufika? Mdomo wa kulishia urefushwe kwa bati nene hadi mwenye mkono mrefu kuliko wote asiweze kugusa pipa. Mpime mashine ikiwa imezimwa. Mkanda na puli vifunikwe kwa wavu wa chuma wenye matundu ambayo kidole hakipiti, na wavu huo uwe na bawaba na pini moja, ili kupaka grisi kuchukue dakika moja na kinga irudi. Mashine ya kukata majani ya ng'ombe inahitaji hivyohivyo, tena zaidi, kwa kuwa mara nyingi huendeshwa na watoto wa nyumbani jioni baada ya shule. Hiyo si kazi ya mtoto, hata kama kinga ipo.

Swali la pili: je, kuzima ni rahisi kuliko kutozima? Muulize fundi kama wenzo wa kuzimia injini unaweza kuvutwa kwa waya kutoka pale anaposimama anayelisha. Swichi ya kuzima kinu ipakwe rangi nyekundu na isogezwe mbali na ya kuwasha. Kwa mashine ya umeme, swichi kuu ifungwe kwa kufuli kabla mtu hajaingiza mikono ndani, na ufunguo ukae mfukoni mwa huyo mwenye mikono ndani. Aliyezima ndiye anayewasha. Watu wengi huumizwa na mwenzao aliyewasha kwa nia njema, akidhani kazi imekwisha.

Kanuni na mafunzo vinakuja baada ya hayo, na vifaa vya kuvaa vinakuja mwisho. Hapa wengi huanza kinyume: wanunua glavu, wanaona wamemaliza. Karibu na kitu kinachozunguka, glavu inaweza kunaswa na kuuvuta mkono uliokuwa ndani yake. Khanga, shuka, koti lisilofungwa vifungo na mkufu ni hivyohivyo. Shafti inayotoka nyuma ya trekta kuendesha mashine kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Ikiwa unene wake ni sentimeta 7, inakusanya karibu mita 2 za kitambaa kwa sekunde moja. Hakuna anayewahi kusema "zima". Shafti hiyo huuzwa na mfuniko wa plastiki. Mfuniko ukivunjika, mashine isubiri mpaka upatikane mwingine.

Chupa ya soda

Kiuatilifu kilichobaki kikimiminwa kwenye chupa ya soda, kosa limeshatengenezwa, linangoja tu mtu wa kulifanya. Anaweza kuwa mtoto mwenye kiu au mzee asiyeona vizuri, au ni wewe mwenyewe miezi mitatu baadaye, umesahau kilichomo. Ni tatizo lilelile la swichi mbili zinazofanana. Dawa ikae kwenye chombo chake cha asili chenye lebo, ndani ya sanduku lenye kufuli, mbali na jikoni. Kama duka linakupimia dawa kwenye chupa isiyo na lebo, usiinunue. Na ikitokea mtu amekunywa au amemwagikiwa, nenda naye kituo cha afya pamoja na chombo au lebo, kwa sababu mganga anahitaji kujua ni dawa gani.

Uchovu

Mwaka 1997 watafiti nchini Australia waliwapima watu waliokesha na watu waliokunywa pombe kwa kazi ileile ya mikono na macho. Aliyekaa macho saa 17 alifanya vibaya sawa na mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi zimekiweka kuwa mpaka kwa madereva. Aliyeamka saa kumi alfajiri hufika hapo saa tatu usiku. Mwenye mashine anayekataa kumwachia mlevi hendeli, lakini anamruhusu huyu aendelee, anapaswa kufikiri upya. Mapumziko, maji na chakula cha mchana ni sehemu ya mashine kama dizeli ilivyo.

Kusema kwa sauti

Wafanyakazi wa reli nchini Japani hunyoosha kidole kwenye taa au kipimo na kukitaja kwa sauti kabla ya kuendelea. Mgeni akiwaona hucheka. Taasisi ya utafiti wa reli ya nchi hiyo ilifanya jaribio mwaka 1994 na kukuta kwamba njia hiyo ilipunguza makosa kwa karibu asilimia 85. Kidole na sauti huirudisha akili mahali mkono ulipo.

Kwenye mashine ya kijiji inatosha kukubaliana maneno mawili. Anayezima anasema "nazima", mwenzake anaangalia puli hadi isimame ndipo anajibu "imesimama". Injini ikiwa na kelele sana, tumieni ishara ya mkono iliyokubaliwa kabla ya kazi kuanza.

Kuna jambo jingine la kusema kwa sauti, nalo ni gumu zaidi: nusura. Kijana ambaye shati lake limenaswa na kuchanika leo ana habari yenye thamani kubwa kuliko semina yoyote. Akijua atakatwa malipo au kuchekwa, atanyamaza na kushona shati. Mwenye mashine akimwuliza kwa utulivu ilikuwa wapi, ilikuwaje, kisha siku hiyohiyo akaweka wavu mahali hapo, kesho ataletewa habari nyingine.

Mwajiri na sheria

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humpa mwajiri wajibu wa kuhakikisha mahali pa kazi ni salama, na msimamizi wake ni wakala uitwao OSHA. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007, inayotaka pia sehemu hatari za mashine zizungushiwe kinga. "Kijana hakuwa makini" si jibu linalomwondolea mwajiri wajibu huo.

Kuhusu fidia, Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Anayechangia ni mwajiri, mfanyakazi hakatwi. Kwa kawaida aliyeumia hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Anahitaji kuonyesha kwamba aliumia akiwa kazini. Kwa hiyo mtu akiumia, baada ya kumfikisha hospitali, andika tarehe, saa na majina ya waliokuwepo, na ipige mashine picha kwa simu yako jinsi ilivyokuwa, kabla hajaja mtu kuifungia kinga ambayo asubuhi haikuwepo.